Abiri na Abiria

Kitenzi abiri kimetokana na Kiarabu 'abara, yaani kuvuka kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Huko Dubai mashua za kuvushia watu katika hori ya mji zingali zikiitwa abra. (Ibara ya sheria nayo ni ya mzizi huo huo.) Katika pwani yetu kuabiri kulikuwa kusafiri chomboni, na abiria ni yule aliyechukuliwa, nahodha na mabaharia hawakuhesabiwa humo. Reli iliyoanzia Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, jina abiria lilikwisha panda bara, na leo tunao abiria wa basi na wa ndege. Hata hivyo, Kigamboni na Likoni, penye maji, watu husema wanavuka.

Hapa ndipo wafasiri wanapoteleza. Twakuta imeandikwa "nahodha aliabiri meli," ikikusudiwa kwamba aliiongoza. Hatukubaliani na matumizi hayo. Aongozaye chombo ameshika usukani. Aabiriye amelipa nauli akaketi. Katika hati za bima na fidia, tofauti hiyo ndiyo huamua nani alipwe, na kwa kifungu kipi.