Askari wa Shamba la Pamba: Karne Moja ya Vita Usukumani

Katika ukanda wa Shinyanga, vita vikubwa vya kwanza dhidi ya wadudu vilipiganwa kwa shoka. Miaka ya 1920, Charles Swynnerton alisimamia ufyekaji wa vichaka ili mbung'o akose kivuli, na Wasukuma wakatoka kwa wingi kukata. Mbung'o akarudi nyuma, malisho na mashamba yakapanuka. Lakini vichaka hivyo vilikuwa pia makao ya buibui, nyigu na vunjajungu, askari wanaowinda wadudu waharibifu.

Pamba ilipotanda, adui mkubwa akawa funza wa vitumba. Wataalamu walijua mapema kwamba mkulima hapigani naye peke yake. Zanzibar, miaka ya 1950, M. J. Way alichunguza jinsi sisimizi waitwao maji moto wanavyolinda minazi. Mwaka 1965 W. Reed alichapisha utafiti wake kuhusu funza wa vitumba magharibi mwa Tanganyika, akiwahesabu na maadui wake wa asili.

Elimu hiyo ilizidiwa nguvu na bomba la dawa. Ikaja DDT, kisha endosulfani. Mwandishi Rachel Carson alionya kuhusu DDT huko Marekani mwaka 1962. Mkataba wa Stockholm wa 2001 ukaibana DDT, na mwaka 2011 endosulfani ikaingizwa humo. Mjadala wote huo ulihusu sumu yenyewe.

Kumbe ndani ya chupa mna vingine: viyeyusho, mafuta, na viambata vya jamii ya sabuni vinavyoifanya dawa itande na kushika kwenye jani. Mdudu hupumua kwa matundu madogo ubavuni, na mwili wake umepakwa nta inayozuia maji yasimpotee. Mafuta huziba matundu hayo. Sabuni huyafungulia maji njia. Viyeyusho huharibu nta. Anayelengwa ni funza, ila buibui na mdudu kobe wanapumua hewa ileile ya shambani na kutambaa juu ya jani lilelile. Askari hao wakifa, vidukari huzaliana upesi kuliko wao, na mkulima hurudi dukani.

Hata hivyo, lebo hutaja kiini cha sumu na kiwango chake. Vingine mara nyingi havitajwi kwa majina. Ulaya imeanza kuamka: mwaka 2016 ilipiga marufuku kiambata kiitwacho POEA katika dawa za magugu zenye glaifoseti, na mwaka 2021 ikatoa orodha ya viambata visivyokubalika.

Nasi tunayo njia. Wilayani Meatu, mradi wa bioRe umelima pamba bila dawa za viwandani tangu 1994, ukipanda alizeti ili kumvuta funza mbali na pamba. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya 2020, ipime mchanganyiko mzima kama unavyotoka kwenye bomba, na ipime juu ya buibui, sisimizi na mdudu kobe wa Shinyanga. Mkulima anayelipia chupa nzima ana haki ya kujua yote yaliyomo.