Chipu nane za Wozniak na mayai ya shangazi



Juzi nilikuwa natengeneza kidude cha kupima joto na unyevu katika mashine ya shangazi yangu ya kuangulia vifaranga. Mayai ya kuku hukaa humo siku 21, na usiku mmoja wa joto kupita kiasi unaweza kuyaharibu yote. Nilitumia ATtiny85, chipu ya bei ndogo yenye miguu 8 na kilobaiti 8 za kuwekea programu. Haina saketi ya USB hata kidogo, lakini ukiichomeka, tarakilishi inaitambua! Siri ni V-USB, programu inayofanya kwa kodi tupu kazi ambayo kwa kawaida hufanywa na saketi maalum.

Furaha yangu haikudumu. Kila kidude kilipopima joto, kilitoweka kwenye tarakilishi. Nitawaeleza sababu, lakini kwanza twende Marekani, Desemba 1977, kwa sababu ujanja huu si mpya.

Mwaka huo Apple ilikuwa imeanza kuuza Apple II, kuanzia dola 1,298. Programu zilihifadhiwa kwenye kaseti, zile zile za muziki. Mike Markkula, mmoja wa wakuu wa kampuni, alikuwa na programu ya kuweka hesabu za hundi zake, na alichoka kusubiri kaseti iipakie. Akataka diski. Steve Wozniak, ambaye hakuwa amewahi kutengeneza kidhibiti cha diski, akakubali kuwa nayo tayari kwa maonyesho ya Las Vegas ya Januari 1978. Krismasi hiyo alikesha kazini pamoja na kijana Randy Wigginton.

Kidhibiti hufanya nini? Diski huzunguka mara 300 kwa dakika na biti zake hazimsubiri mtu. Lazima kitu fulani kizitenganishe, kizipange ziwe baiti, kijue sekta imeanzia wapi, na kisogeze kichwa cha kusomea. Wahandisi wengi walijenga saketi kwa kila kazi, na kadi zikajaa chipu.

Wozniak aliona kwamba tayari kulikuwa na mfanyakazi ndani ya mashine: prosesa ya 6502, inayopiga takriban mapigo milioni moja kwa sekunde. Basi akaipa kazi. Alinunua diski za Shugart na kung'oa sehemu kubwa ya saketi zake. Kusogeza kichwa kukawa kazi ya programu, ikiwasha koili za mota moja baada ya nyingine. Tundu la diski linaloonyesha mwanzo wa mzunguko hakulitumia. Programu ilitafuta sekta kwa alama zilizoandikwa kwenye diski yenyewe. Hata kihisi cha kujua kichwa kiko mwanzo hakikuwepo. Mashine ikiwashwa, programu ilirudisha kichwa nyuma mpaka kigonge ukuta, kra-kra-kra! Waliotumia Apple II wanaukumbuka mlio huo.

Kadi ikabaki na chipu 8 tu, na iliweza kuendesha diski mbili. Mbili kati ya hizo zilikuwa kumbukumbu za baiti 256 kila moja: moja ya kuanzishia mashine, nyingine ya kuongoza usomaji wa biti. Disk II ikauzwa 1978, dola 495 kwa walioagiza mapema na 595 baadaye, kadi ikiwemo.

Kulikuwa na faida nyingine. Kwa kuwa programu ndiyo iliyotafsiri biti, Wozniak alibuni njia ya kuziandika iliyotia sekta 13 kwenye kila njia ya diski mahali pa 10. Mwaka 1980 zikawa 16, na diski ikapanda kutoka kilobaiti 113.75 hadi 140. Mteja alibadilisha zile kumbukumbu mbili ndogo na programu, basi. Diski ni ile ile.

Lakini kuna msemo: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo uliotolewa kwenye kadi ulimwangukia mwandika programu. Baiti moja ilifika kila baada ya mapigo kama 32 ya prosesa. Usipoichukua kwa wakati, imepotea. Ilibidi kuhesabu kila pigo, na diski ikisomwa prosesa haikuwa na nafasi ya jambo lingine.

Commodore walifuata njia tofauti. Diski yao ya 1541, iliyotoka 1982, ilikuwa na prosesa yake ya 6502 ndani. Tarakilishi ilipumzika, lakini waya wa kuziunganisha ulipitisha baiti mamia machache tu kwa sekunde.

Sasa turudi kwa mayai. USB ya polepole hupitisha biti milioni 1.5 kwa sekunde. Chipu yangu hupiga mapigo milioni 16.5, kwa hiyo kila biti ina mapigo 11 tu. Nayo programu ya kihisi cha joto niliyoipata mtandaoni ilikuwa inaiziba prosesa masikio kwa milisekunde kadhaa, ili isikatizwe ikipima. Tarakilishi ikiita wakati huo, hakuna jibu. Ikaona kidude kimekufa.

Niliandika upya sehemu hiyo. Sasa USB inapita kwanza, na kipimo kikivurugika, jumla ya ukaguzi inayotumwa na kihisi inanionyesha, napima tena. Kidude kimekaa siku tatu bila kutoweka.

Kwa hiyo ukitoa chipu ili bei ishuke, uliza kazi yake imeenda kwa nani. Wozniak alijua, kwa sababu kadi na kodi vilipita mikononi mwake mwenyewe. Mimi nilichukua kodi ya watu wawili wasiojuana, kila mmoja akidhani prosesa ni yake peke yake.

Haya, ngoja nikaangalie mayai.