Mfalme na Vibao vya Sheria



Sisi tunaofundisha walimu hapa Mwanza tumezoea kuketi juu ya mawe jioni, jua linapotua, tukilitazama ziwa. Twaiona mitumbwi ya wavuvi ikienda zake, na mbali kidogo twaona visiwa vikigeuka kuwa vivuli. Lakini ziwa hili halikuchukua samaki na pembe na nguo tu. Lilichukua pia vitabu, na vitabu hivyo viliwatikisa wafalme.

Siku moja mwanafunzi wetu alituuliza swali: "Mwalimu, ikiwa mfalme amejifunza sheria ya Mungu, kisha akaivunja, ni nani wa kumwambia?" Hatukumjibu papo hapo. Leo twapenda kumjibu kwa kusimulia habari za Kabaka Mutesa wa Buganda na mwanawe Mwanga, kwa sababu habari hizo zilipita katika pwani yetu hii.

Kwanza tuikumbuke kanuni yenyewe. Katika Torati, kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, mfalme anaagizwa ajiandikie nakala ya sheria, akae nayo na kuisoma siku zote za maisha yake, ili moyo wake usijiinue juu ya ndugu zake. Waislamu nao wanasimulia kwamba Abu Bakr, aliposhika ukhalifa mwaka wa 632, aliwaambia watu wamtii maadamu yeye anamtii Mungu na Mtume wake. Akiasi, hawana wajibu wa kumtii. Hata wazee wetu wa Usukuma, wasiokuwa na kitabu, walimfunga ntemi kwa miiko, na nchi ilipokosa mvua yeye ndiye aliyeulizwa. Basi shauri hili si geni kwetu: anayewatawala watu naye ana wa kumtawala.

Mfanyabiashara Mwarabu aitwaye Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda mnamo mwaka wa 1844, zamani za Kabaka Suna. Inasimuliwa kwamba siku moja, watu walipokuwa wakiuawa kwa amri ya Kabaka, mgeni huyo alisimama barazani akasema kwamba watu hao wameumbwa na Mungu, na kwamba ni Mungu huyo aliyempa Suna ufalme wake. Wakuu wote wakashangaa, maana Kabaka hakuwa na wa kumhoji. Suna hakukasirika, akataka kusikia zaidi habari za Mungu huyo.

Suna alipofariki, Mutesa akatawala, mnamo mwaka wa 1856. Huyu alikuwa mtu wa akili nyingi na mwenye kiu ya elimu. Alijifunza kusoma herufi za Kiarabu, akasikiliza Kurani, akaanza kufunga Ramadhani mwaka wa 1867, akaendelea kwa muda wa miaka kama kumi. Akaamuru kalenda ya Kiislamu ifuatwe na misikiti ijengwe. Naye mwenyewe alipenda kuwaongoza watu katika sala. Tena hakuridhika kuifuata dini peke yake. Watumishi wake na wakuu wake nao walipaswa kujifunza, na waliokataa waliadhibiwa, wengine wakauawa. Vijana wa barazani, wana wa wakuu waliotumwa kwa Kabaka ili walelewe, wakaketi na vitabu wakasoma kwa bidii.

Mwaka wa 1875, mwezi wa Februari, Henry Morton Stanley alifika Kageyi, kijiji kilicho pwani ya ziwa, kaskazini mashariki ya mji wetu. Mwezi wa Machi akaishusha mashua yake majini, na mwezi wa Aprili akawa mbele ya Mutesa. Wakazungumza sana habari za dini. Pamoja na Stanley alikuwako kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja. Kwa msaada wa kijana huyo sehemu za Biblia zilifasiriwa kwa Kiswahili, zikaandikwa juu ya vibao vyembamba vya mti mweupe vilivyolainishwa. Zile Amri Kumi nazo ziliandikwa juu ya kibao ili Mutesa azisome kila siku. Stanley aliposafiri, Dallington alibaki Buganda awe msomaji na mwandishi wa Kabaka.

Tazameni basi, wasikilizaji, jinsi jambo hili lilivyofanana na lile la Torati. Mfalme ana nakala ya sheria, tena kwa lugha yetu ya Kiswahili. Ana macho ya kuisoma, ana na mwalimu wa kumweleza. Amepungukiwa na nini?

Jibu lilionekana mwaka uliofuata. Waislamu waliotoka kaskazini, upande wa Misri na Sudani, walifika Buganda wakaona mambo mawili: misikiti haikuelekea vema, na mfalme aongozaye sala hajatahiriwa. Mutesa hakuweza kutahiriwa bila kuivunja sheria nyingine, maana desturi ya Waganda ilikataza damu ya Kabaka isimwagwe. Hapo zile sheria mbili zikakutana katika mwili wa mtu mmoja. Wale vijana wa barazani, waliofundishwa kwa amri yake mwenyewe, wakakataa kusali nyuma yake, wakakataa na kula nyama iliyochinjwa na watu wasiotahiriwa. Mutesa akaona huo ni uasi. Akaamuru wauawe, na wengi wao wakachomwa moto Namugongo mwaka wa 1876. Wanahesabiwa kuwa 70 na zaidi.

Hatutaki kumdhihaki Mutesa. Shida yake ilikuwa kubwa kweli: desturi za mababu upande mmoja, dini mpya upande wa pili, na kaskazini majeshi ya Misri yakikaribia. Lakini twaona kosa lake lilipokuwa. Alitaka kuwa mwalimu wa sheria, asitake kuwa mwanafunzi wake. Aliwahukumu kwa sheria wale wasioifunga Ramadhani, lakini sheria ileile ilipomgeukia yeye, akawaua walioitamka. Wamisionari wa Kiingereza walimfikia mwaka wa 1877, na wa Kifaransa mwaka wa 1879; akawasikiliza wote, akawashindanisha, asibatizwe wala asitahiriwe. Akafa mwaka wa 1884.

Mwanga, mwanawe, alirithi kiti hicho angali kijana. Mwezi wa Oktoba 1885 aliamuru Askofu Hannington auawe katika nchi ya Busoga. Yosefu Mukasa Balikuddembe, mmoja wa wakubwa wa watumishi wa barazani, akamwendea bwana wake akamlaumu kwa kumwua mgeni bila ya kumsikiliza, tena aliwakinga vijana wasitendwe machafu na mfalme. Akauawa Novemba 15 mwaka huohuo. Na Juni 3 mwaka wa 1886 vijana Wakristo wakachomwa moto palepale Namugongo, mahali walipofia vijana Waislamu miaka kumi iliyopita.

Mwaka wa 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakamwondoa Mwanga. Kiwewa aliwekwa, akakataa kutahiriwa, akaondolewa kabla ya miezi mitatu kupita. Akafuata Kalema, ambaye alikubali kutahiriwa. Je, huyu alikuwa mfalme aliyeitii sheria? La. Mwaka wa 1889 Kalema aliwaua ndugu zake wa ukoo wa kifalme, wanaume kwa wanawake, ili pasiwe na wa kumpokonya kiti. Aliipokea alama mwilini. Ile sheria inayokataza kumwaga damu isiyo na hatia hakuipokea.

Na Mwanga alikwenda wapi? Alikuja kwetu. Alivuka ziwa akafika Magu, akakaa kwa Waarabu, kisha akakimbilia Bukumbi, kusini ya mji wetu, kwa mapadre wale ambao vijana wao aliwachoma moto. Nao wakampokea, wakampa chakula na mahali pa kulala. Hapo ndipo tunapoona kwamba walikuwako watu walioisoma sheria wakaitenda.

Akarudishiwa ufalme, lakini mwaka wa 1897 akapigana na Waingereza, akashindwa, akavuka mpaka, na Wajerumani wakamweka kizuizini hapa Mwanza. Akatoroka, akapigana tena, akakamatwa mwaka wa 1899, akapelekwa visiwa vya Shelisheli. Huko, akiwa hana baraza wala mnyongaji, alibatizwa kwa jina la Danieli, akafa mwaka wa 1903.

Basi sasa twaweza kumjibu yule mwanafunzi wetu. Nani wa kumwambia mfalme? Watamwambia wale waliosoma pamoja naye. Mutesa alipoamuru vijana wake wafundishwe, alidhani anaongeza watumishi. Kumbe alikuwa akiweka mashahidi. Sheria iliyosomwa mbele ya watu wengi haiwezi tena kufungiwa sandukuni na mtu mmoja, hata awe Kabaka. Ndiyo sababu mtawala anayeogopa kuhukumiwa huwaogopa wanafunzi, na mtawala mwema huwatafuta, akawauliza, akavumilia jibu lao.

Nasi walimu tusidhani kwamba neno hili halituhusu. Kila mmoja wetu ana watu chini yake: mwalimu ana darasa, mzazi ana watoto, mwenye chombo ana mabaharia. Tunawasomea kanuni asubuhi. Mtoto akisimama jioni kutuonyesha kwamba sisi wenyewe tumezivunja, tutamfanyaje? Hapo ndipo itakapojulikana kama tulisoma.