Chetezo na Utambi wa Kandili

Jumba la Beit al-Ajaib, alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, lilipata taa za umeme mapema. Nyumba zetu za Mji Mkongwe ziliendelea na kandili za mafuta ya taa. Magharibi ikiingia, bibi akipalia makaa katika chetezo, kwanza huteremsha utambi. Mwanga ukififia, udi uliopikwa kwa sukari na marashi hutamalaki sebule nzima.

Jamaa zetu walipohama baada ya Mapinduzi ya 1964, chetezo kilifungwa mzigoni, kandili ikaachwa. Maskati hatukukosa harufu, kwani ubani wa Dhofari upo tele. Tulichokikosa ni lile giza la upole. Taa za mirija zilimulika hadi pembe za chumba.

Sasa, hapa London, binti yangu huziamuru taa kwa simu ziwe rangi ya kaharabu, na udi huuweka katika chetezo cha umeme, maana king'ora cha moshi hakina adabu. Mama alipozuru alitazama kimya, kisha akasema, “Punguza tena, mjukuu wangu.” Zikapunguzwa hadi nyuso zikawa vivuli. Ndipo alipoanza kuwataja, mmoja mmoja, waliokuwa wakiketi barazani kwetu.