Ukitoa injini, umebadilisha gari lote

Watu wangu wa Lodwar na Kakuma, tukiongea magari ya stima swali huwa moja: itafika? Mimi nauliza: itakaa vipi barabarani?

Stima si mgeni. Mwaka 1899 Camille Jenatzy alipita kilomita 100 kwa saa na gari la betri. Hakuna gari la barabarani lilikuwa limewahi kufika hapo. Kigeni ni kuitia kwa gari lililochorwa kwa dizeli. Opibus, siku hizi Roam, ilianza Nairobi 2017 ikageuza Land Cruiser za safari kuwa za umeme.

Sasa fikiria Land Cruiser 70 ya 1984: injini nzito mbele, springi zimepangiwa uzito huo. Ukiitoa, uzito unahama. Betri zikikaa chini katikati, gari linatulia kwa kona. Ukizirundika nyuma, mbele inakuwa nyepesi na usukani haushiki vizuri.

Halafu kuna laga. Mota hutoa nguvu papo hapo: kanyaga kwa hasira, tairi inajichimbia kaburi. Kanyaga polepole, inatambaa bila kuzima kama dizeli.

Tangu kambi ya Kakuma ifunguliwe 1992, Land Cruiser zimekuwa miguu yetu. Siku ambulensi zitageuzwa, fundi apime uzito kila tairi inabeba, arekebishe springi na breki, kisha aijaribu kwa mchanga wetu. Si kwa lami ya Nairobi. Mgonjwa wa kupelekwa Lodwar hawezi kuwa majaribio.