Kizigeu cha ufyonzaji sauti
[nomino, ngeli ya KI-VI, wingi: vizigeu vya ufyonzaji sauti]

Maana. Katika akustika, ni namba inayoonyesha sehemu ya nishati ya sauti ambayo, ikifika kwenye uso wa kitu, hairudi chumbani. Namba 0 humaanisha kwamba sauti yote huakisiwa. Namba 1 humaanisha kwamba hakuna inayorudi.

Asili. Mwanafizikia Mmarekani Wallace Sabine, aliyeanza kuchunguza mwangwi wa ukumbi wa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1895, alilichukua dirisha lililo wazi kuwa mfano wa ufyonzaji kamili, kwa kuwa sauti ikishatoka nje hairudi. Hivyo, meta 10 za mraba za pazia lenye kizigeu 0.7 hufyonza sawa na dirisha wazi la meta 7 za mraba.

Namba ya lebo. Lebo nyingi hutaja wastani wa vizigeu vinne, vya hezi 250, 500, 1,000 na 2,000, uliokadiriwa hadi 0.05 iliyo karibu. Wastani huo haugusi sauti nzito. Sponji nyembamba yaweza kuwa na namba nzuri na bado isipunguze mvumo wa ngoma kubwa. Thamani inayozidi 1 si kosa la chapa: maabarani, kingo za kipande kinachopimwa nazo huongeza ufyonzaji.

Tanbihi ya matumizi. *Kufyonza sauti* si *kuzuia sauti*. Katika darasa la Ifakara lenye kuta za matofali ya kuchoma, sakafu ya saruji na paa la bati, dirisha wazi lina kizigeu 1, lakini kelele za pikipiki huingia humo bila kizuizi. Masika yanapofika, bati lenyewe ndilo chanzo cha kelele. Sponji ya ukutani hupunguza mwangwi tu, ilhali kinachohitajika ni dari nzito yenye kihami juu yake. Mfasiri akilichanganya neno hili, kamati ya shule hununua kisichohitajika, na mwalimu huendelea kunyamaza kila mvua inaponyesha.

Mifano.
1. Mikeka iliyotundikwa ukutani ilipunguza mwangwi, lakini haikuzuia kelele za mashine ya jirani ya kukoboa mpunga.
2. Kizigeu cha saruji laini ni kidogo kuliko cha pazia zito.

Linganisha: kihami sauti, mwangwi.