São Paulo, São Tomé, Santiago: Mbona Wareno Walipatia Kila Mahali Jina la Mtakatifu?

Kama wewe ni mtu wa boli, São Paulo unaijua. Kama unapenda ngoma za zamani, umeskia Cesária Évora akitaja São Nicolau na São Tomé kwa ile ngoma yake "Sodade". Na ukifungua ramani ya Brazil unapata São hii, Santo ile, Santa nyingine, mpaka unashangaa kama wasee waliishiwa na majina. Tulia tukupe rada. Hii stori ina mpango wake, na iko na upande mchungu pia.

Kwanza, São ni nini?

Ni "Mtakatifu" kwa Kireno. Itamke "sau" lakini sauti ipitie puani. Jina la mwanaume likianza na konsonanti, unaweka São: São Paulo, São Jorge. Likianza na vokali, kawaida ni Santo: Santo Antão, Santo André. Mwanamke ni Santa tu, kama Santa Catarina na Santa Luzia.

Santiago ndio huchanganya watu. Hapo "Sant" na "Iago" zimegandana, na Iago ni Yakobo wetu tu. Kwa hivyo Praia, mji mkuu wa Cabo Verde, iko kwa kisiwa cha Mtakatifu Yakobo.

Kalenda ndio ilikuwa inaamua

Karne ya 15 na 16, karibu kila siku kwa kalenda ya Kanisa Katoliki ilikuwa na mtakatifu wake. Nahodha Mreno akiona kisiwa ama ghuba, anacheki leo ni sikukuu ya nani, anaandika hilo jina kwa ramani, anasonga. Ndio maana mara mingi jina lenyewe linakupa tarehe. Cheki hizi:

- Baía de Todos os Santos, Brazil. Wareno walifika hapo 1 Novemba 1501, Siku ya Watakatifu Wote. Wakaona isiwe tabu, wakabeba wote mara moja. Hapo ndipo jimbo la Bahia lilitoa jina.
- São Vicente, Brazil. 22 Januari 1532, siku ya Mtakatifu Vinsenti. Ndio mji wa kwanza wa kudumu wa Wareno Brazil.
- São Paulo. 25 Januari 1554, siku ya kukumbuka kuongoka kwa Paulo. Wajesuiti, wakiwemo Manuel da Nóbrega na José de Anchieta, walisoma misa hapo wakaanzisha shule ya kufunza wenyeji dini. Leo ni jiji la watu zaidi ya milioni 11.
- Madagascar. Ndio, hata hiyo. Diogo Dias aliiona 10 Agosti 1500 akaiita São Lourenço. Hilo jina halikudumu.

Lakini sio kila jina lilitoka kwa kalenda moja kwa moja. Rio de Janeiro ilianzishwa 1 Machi 1565 ikiitwa São Sebastião do Rio de Janeiro. Siku ya Mtakatifu Sebastiani ni 20 Januari, so haikuwa tarehe. Walikuwa wanampigia saluti mfalme wao Sebastião, kijana wa miaka 11. Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe aliitwa hivyo juu alizaliwa 20 Januari.

Na São Luís, kaskazini mwa Brazil, haikuanzishwa na Wareno. Wafaransa ndio waliijenga 1612, wakamheshimu mfalme wao Louis XIII kwa jina la Mtakatifu Louis. Wareno waliwafurusha 1615, wakageuza tu matamshi.

Shida: watu walikuwa hapo tayari

Mbanza Kongo, kaskazini mwa Angola, ilikuwa mji mkuu wa ufalme wa Kongo kabla Mreno yeyote atie mguu. Mfalme Nzinga a Nkuwu alibatizwa 1491, na baadaye mji ukaanza kuitwa São Salvador, yaani Mwokozi Mtakatifu. Jina lilikaa mamia ya miaka. Angola ilipopata uhuru 1975, wenyewe walirudisha Mbanza Kongo, na 2017 UNESCO ikautambua mji kama urithi wa dunia kwa hilo jina la kienyeji.

Luanda nayo Wareno waliiandika São Paulo da Assunção de Loanda mwaka wa 1576. Lakini Luanda ilikuwa jina la hapo kitambo. Kwa kisiwa chake, watu wa mfalme wa Kongo walikuwa wanaokota makombe madogo ya nzimbu, ambayo ndio ilikuwa pesa yao. Paulo alianguka njiani, Luanda ikabaki.

São Tomé: hapa ndipo inauma

Wareno walifika hapo karibu 1470, na inasemekana ilikuwa 21 Desemba, siku ya Mtakatifu Tomaso kwa kalenda ya wakati huo. Kisiwa hakikuwa na watu. Kwa hivyo hakukuwa na jina la zamani la kurudisha. Watu waliletwa kwa nguvu kutoka bara kulima miwa, kisha kahawa na kakao.

Mwanzo wa karne ya 20 hiki kisiwa kidogo kilikuwa kati ya wazalishaji wakubwa zaidi wa kakao duniani. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku kwa sheria, lakini "vibarua wa kandarasi" kutoka Angola, Msumbiji na Cabo Verde walijipata kwa mashamba ambayo wengi hawakutoka tena. Mambo yalichacha mpaka 1909 Cadbury na kampuni zingine za chokoleti za Uingereza zikakataa kununua kakao ya huko.

Sasa rudi kwa ile ngoma ya Cesária. Inabonga kuhusu safari ndefu ya kwenda São Tomé na kumiss nyumbani São Nicolau. Ukame na njaa vilikuwa vinapiga Cabo Verde, na wengi walipanda meli juu hakukuwa na kitu cha kula. Kutoka kisiwa cha mtakatifu mmoja hadi kisiwa cha mwingine, na katikati hakuna aliyekutendea kitakatifu.

3 Februari 1953, serikali ya kikoloni ilianza kuua wenyeji waliokataa kulazimishwa kazi za mashamba. Yalianzia Batepá, na hiyo siku ni likizo ya kitaifa São Tomé mpaka leo. Uhuru ulikuja 12 Julai 1975, jina likabaki. Wanaoishi hapo ni watoto wa wale walioletwa, na Tomaso sasa ni wao.

Na huku kwetu?

Pwani yetu iliponea chupuchupu. Aprili 1498, meli ya Vasco da Gama iitwayo São Rafael ilikwama kwa maji yasiyo na kina upande wa Tanga, na mabaharia wakapaita hapo São Rafael. Walipopitia tena 1499, wenzao wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawangetosha kuendesha meli tatu, so waliichoma hapo hapo. Leo ukiuliza mvuvi wa Tanga São Rafael iko wapi, atakuangalia tu.